Mlango wa Upande wa Migomba

Nkwenda, Kyerwa
16 Juni 2025

Shangazi yangu mpendwa Mackrine,

Shikamoo! Ni mimi Adela, mke wa Pastory. Hebu tazama nilivyoandika: mke wa Pastory. Ni wiki ya pili sasa na bado nikilitamka jina hilo moyo unaruka kama mwanambuzi. Asubuhi kabla hajaenda kwenye kahawa huchuma punje moja iliyoiva, nyekundu kabisa, huniwekea kiganjani na kusema, "Hii imekuiga ukicheka." Niambie, Shangazi, Kagera nzima yuko mwanamume mwingine anayesema hivyo? Na kahawa yenyewe bado haijauzwa!

Najua utauliza kwa nini naandika barua wakati dunia ina simu. Nyumba hii haina dari. Kuta zinaishia juu ya kichwa cha mtu, baada ya hapo ni mabati tu. Ukinong'ona chumbani unasikika sebuleni, na ninayotaka kukuambia ni ya baba mkwe mwenyewe. Kwa hiyo barua hii nimempa Nsabimana wa bodaboda, ambaye hupeleka abiria huko kwenu Nyakahanga, na ameapa hataisoma.

Kila ulilonifundisha kabla ya harusi nalishika. Simtazami baba mkwe. Jina lake silitaji, hata hapa siliandiki. Chakula chake naweka kwenye kigoda nje ya pazia la chumba chake, nakohoa kidogo, naondoka. Tangu mama mkwe afariki ni sisi watatu tu katika nyumba hii, na wifi Evelyn aliyekuwa akimtunza mzee alirudi kwake siku tatu baada ya harusi. Aliniambia, "Sasa mwenye nyumba umefika." Nilijisikia malkia!

Uliniambia pia kwamba mugole, yaani bibi harusi, akiwa mwema hasikiki. Siku ya kwanza nilijisahau, nikaimba wimbo wa kwaya nikimenya ndizi, na mzee akagonga fimbo sakafuni: ko, ko, ko. Nilitamani ardhi inimeze. Tangu hapo sijaimba tena. Natembea bila viatu. Hata sufuria naiweka chini kama yai.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mzee anaumwa, Shangazi. Unajua ni saratani ya tezi dume, na hospitali walisema imefika mifupani. Walimpa dawa ya maji ya maumivu, lakini haisaidii kitu. Mchana Pastory akiwa kwenye kahawa namsikia akiguna, amejiziba mdomo na blanketi. Nikisogea ananyamaza. Nikirudi jikoni anaanza tena. Chakula kinarudi nusu. Choo kiko nyuma ya jiko langu, na siku nzima simwoni akipita.

Pastory amekutana na mtu huko Murongo aliyemwambia kwamba ziko nchi ambako madaktari wanawaandikia wagonjwa wa saratani bangi, na maumivu yanapoa. Wewe ni tabibu. Tunaomba karatasi ndogo tu yenye muhuri, iseme kwamba umempendekezea, ili mtu akituuliza tumwonyeshe. Usinikasirikie. Ni mapenzi tu.

Wako mwenye furaha na hofu,
Adela P.

—

Nyakahanga
18 Juni 2025

Adela,

Hapana.

Mimi ni tabibu mwenye leseni, na sheria ya nchi hii hainiruhusu kuandika bangi. Muhuri wangu hautawakinga na chochote. Mtafungwa ninyi, kisha nifuate mimi. Mwambie mumeo amwache huyo mtu wa Murongo na porojo zake. Na wewe umesoma mpaka kidato cha nne, unaolewa wiki ya kwanza, wiki ya pili unaagiza bangi kwa shangazi yako!

Mzee Anatory apewe dawa ya hospitali kama ilivyoandikwa. Sitaki kulisikia tena jambo hili.

Shangazi yako,
Mackrine

—

Nkwenda
23 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama. Nikaisoma tena nimekaa nikidhani labda italainika, haikulainika. Pastory aliniuliza, "Amesema nini?" Nikamjibu, "Anakusalimu sana." Huo ndio uongo wangu wa kwanza katika ndoa yangu, nao umesababishwa na wewe.

Basi. Hutaki kulisikia, hulisikii. Hapa kila kitu ni kizuri. Hakuna aliyenunua kitu. Pastory ananipenda, jana amenisukia kikapu cha mayai kwa mikono yake, kimepinda upande mmoja na ni kizuri kuliko vyote duniani.

Nina swali dogo la kujifunza tu, maana biolojia niliipenda. Je, mtu mzima akiwa na macho mekundu, mdomo umekauka, moyo unamwenda mbio na anasema ukuta unapumua, hali hiyo huchukua saa ngapi kuisha? Ni swali la kawaida tu. Nsabimana atasubiri jibu ikiwezekana. Amesema anasubiri hapo hapo bila kuzima pikipiki.

Adela

—

Nyakahanga
23 Juni 2025, jioni

Adela mwanangu,

Nilikuwa tabibu kabla hujaota meno. Hakuna mtu anayemtuma bodaboda kutoka Kyerwa asubiri bila kuzima pikipiki kwa ajili ya kuipenda biolojia.

Jibu kwanza. Kama aliila au aliinywa, inachelewa kupanda na inachelewa kushuka. Huenda ikachukua nusu siku, pengine zaidi. Asiachwe peke yake, asitembee bila kushikwa, apewe maji kidogo kidogo, na mtu azungumze naye polepole kwamba hali hiyo itapita. Akipoteza fahamu, akishindwa kupumua vizuri au akishikwa na maumivu ya kifua, mpelekeni hospitali iliyo karibu na waambieni ukweli wa alichokunywa. Hawawezi kumtibu kwa kubahatisha. Msimwongezee hata tone.

La pili ni langu. Mwaka jana nilikuwa kwenye semina Bukoba. Mtu aliuliza: mgonjwa akikuambia anatumia bangi, au anataka, ufanye nini? Mwezeshaji akasema, usimfunge mdomo, maana ukimfunga hatakoma, ataenda kuitumia gizani. Muulize anatafuta nini ndani yake. Nilitikisa kichwa kukubali kwa nguvu kuliko wote ukumbini. Halafu ilipokuja kwa binti wa kaka yangu nikaandika "Hapana" nikapigia mstari. Nimejikasirikia mpaka chai imenishinda.

Kwa hiyo nauliza sasa kama nilivyopaswa kuuliza mwanzo, na nataka Pastory mwenyewe ajibu. Alipewa nini, kavu au mafuta? Kiasi gani? Kwa kunywa au kuvuta? Mzee alijua anachopewa? Ana ugonjwa wa moyo au presha? Anakunywa dawa gani nyingine, na anazinywa kweli? Na mlitaka imsaidie nini: maumivu, usingizi, au ale? Siulizi ili niwashitaki. Mgonjwa ni mzee Anatory. Mimi na hasira zangu tutasubiri.

Shangazi

—

Nkwenda
25 Juni 2025

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Mimi si mwandishi kama mke wangu. Nitasema moja kwa moja.

Nilipewa majani makavu na yule mtu wa Murongo. Nikachemsha kidogo kwenye maziwa, nikachanganya na uji. Kidogo ni kiasi gani? Sijui, gumba na vidole viwili. Baba hakujua. Nilimwambia ni uji wa mtama. Presha hana, moyo sijui. Nilitaka alale, Shangazi. Nilitaka nisikie mtu akikoroma chumba kile badala ya kusaga meno. Basi.

Muda mrefu hakikutokea kitu, nikaenda shamba nikidhani nimetapeliwa. Ndipo alipotoka chumbani. Adela alikuwa jikoni anachagua maharage. Baba yangu, ambaye tangu harusi hajawahi hata kukanyaga kivuli cha mkwe wake, akaingia jikoni kwa magoti, akamshika mkono, akamwita kwa jina lake. Akasema, "Adela, mwanangu, nisaidie, ukuta unapumua." Mke wangu aliogopa akakimbilia nje, kisha akarudi akamshika. Alikaa naye pale sakafuni mpaka niliporudi. Angefanya nini kingine? Lakini wewe unajua kwetu jambo hilo lilivyo.

Sasa imeshuka na amekumbuka kila kitu. Hatoki. Hanywi hata maji yaliyotoka jikoni kwa Adela. Ananiambia mimi kupitia pazia, "Mwambie mkeo anisamehe, kisha mwambie asipite hapa." Adela analia kwamba atarudishwa Ndama kwao. Ninamwambia hakuna wa kumrudisha, ananiambia wewe hujui wakwe, nami ni mtoto wa mkwe mwenyewe!

Kila mtu humu ndani amenichosha, nikiwemo mimi. Majani yaliyobaki nimeyatupa chooni. Dawa ya hospitali Adela anampa mchana. Haifanyi kazi. Tufanye nini?

Pastory

—

Nyakahanga
27 Juni 2025

Pastory mwanangu,

Marahaba. Umejibu vizuri kuliko wasomi wengi ninaowauliza.

Nikueleze ninavyolijua jambo hili, maana mliuliza vibaya nami nikajibu vibaya. Ni kweli ziko nchi ambako daktari anaweza kumwandikia mgonjwa dawa iliyotokana na bangi. Lakini huko hawachoti kwa gumba na vidole viwili. Ni dawa iliyopimwa, inajulikana ndani yake mna nini. Wanaanza na kipimo kidogo sana, wanangoja, ndipo wanapanda. Kwanza wanauliza moyo, akili, dawa nyingine, kuanguka kwa wazee. Kwa wengine imesaidia, hasa kutapika kunakoletwa na dawa za saratani, na aina fulani za kifafa. Kwa maumivu ya saratani ushahidi hauko imara kama watu wa Murongo wanavyohubiri. Hata huko kwa kawaida hawaanzi nayo. Wanaanza na kile ambacho baba yako tayari anacho: mofini ya maji. Ile chupa ndiyo dawa kubwa ya maumivu ya namna hii. Ikinywewa kila baada ya saa nne, na kipimo maradufu wakati wa kulala, kwa watu wengi inasaidia sana.

Kwa hiyo siandiki bangi, kwa sababu ya sheria, na pia kwa sababu bado sijaelewa kwa nini mofini imeshindwa. Dawa ikishindwa lazima kuna sababu. Ama kipimo ni kidogo, ama ugonjwa umesogea, ama kuna jambo hatulioni.

Na kuna neno moja kwenye barua yako limenikaa kooni. Umesema Adela anampa dawa mchana. Adela anampaje dawa mtu ambaye haruhusiwi kuingia chumbani kwake? Muulize leo.

Jumamosi ya wiki ijayo nakuja mwenyewe. Mwambie mzee kwamba anakuja tabibu. Mkwe atakuja siku nyingine.

Shangazi yenu

—

Nkwenda
6 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo, ingawa leo mkono wangu ni mzito kuiandika.

Ulikuja jana. Nilikukaangia senene wa akiba niliokuwa nimemfichia Pastory wangu. Ukaingia chumbani kwa mzee, mkakaa humo mpaka chai ikapoa mara mbili. Mimi nikakaa jikoni nikijizuia kusikiliza, na katika nyumba hii kujizuia kusikiliza ni kazi ya kutoa jasho. Mlikuwa mnanong'ona kama watoto wanaoiba sukari. Mara nikasikia mzee anacheka. Anacheka, Shangazi! Sijawahi kumsikia akicheka.

Halafu ukatoka, ukanawa mikono, ukamwambia mume wangu maneno mawili: "Toboa mlango." Ukaonyesha ukuta wa chumba cha mzee, upande wa migomba. Mlango! Tulikuuliza dawa ukatuandikia mlango! Nikakufuata mpaka kwenye pikipiki, nikakuuliza mzee amesema nini, ukanijibu, "Nitakuandikia." Ukavaa kofia ya Nsabimana ukaenda zako.

Na hiyo ya mchana uliyoiulizia, nimekwisha kugombana nayo. Ndiyo, mimi nilidhani Pastory anamwachia kipimo chote asubuhi. Pastory alidhani mimi namwekea pamoja na chakula. Tulipoulizana tulitazamana kama watu waliopishana njiani wakibeba jeneza tupu. Ulikuwa ugomvi wetu wa kwanza. Jioni aliniletea punje ya kahawa, nikaitupa, kisha nikatoka na tochi kuitafuta.

Niambie kweli. Ni mimi?

Adela

—

Nyakahanga
8 Julai 2025

Adela wangu,

Sikukuambia pale kwa sababu mzee aliniomba nisilitamke chini ya mabati yale. Ameniruhusu nikuandikie. Alisema hivi: "Kwa karatasi sawa, karatasi haina uso." Kwa hiyo haya ninayosema ameyaruhusu, na aliyoyakataza nayaacha.

Chupa ya mofini iko chini ya kitanda chake imejaa karibu mpaka shingoni. Kwa muda waliompa, ilipaswa kuwa imekwisha na nyingine ifuatwe. Evelyn alipokuwa hapo alikuwa akimpa, na maumivu yalitulia. Dawa haikushindwa. Aliacha kuinywa, na Pastory akimuuliza asubuhi na usiku alijibu amekwisha kunywa.

Kwa nini aliacha? Nilimuuliza kama nilivyopaswa kukuuliza wewe, bila kuonya na bila kushangaa. Akasema, "Inanilaza. Nikilala mdomo unafunguka na shuka linasogea. Pazia hilo upepo ukilipiga linainuka. Nilale hivyo mbele ya mkwe wangu anayepita?" Tena mofini inafunga choo, na dawa ya kulainisha inamlazimu atoke ghafla. Njia ya choo ni moja tu, inapita mlangoni mwa jiko lako. Akasema, "Zamani nikisikia mtu jikoni najua yuko wapi, nangoja akienda kisimani, napita. Huyu hasikiki. Sijui kama yuko, sijui kama hayupo. Anatembea kama paka. Basi nakaa."

Hapo ndipo nilipocheka, naye akacheka kwa kuniona nacheka, lakini moyo wangu ulikuwa unanisuta. Nani alikufundisha kutosikika? Nani alikuambia mugole mwema ni yule asiye na sauti? Ni mimi, kwa siku tatu nzima, nimekaa mkekani na kanga mpya, nimejaa busara.

Kwa hiyo usiulize kama ni wewe. Ninyi wawili mmeheshimiana mpaka mgonjwa akakosa pa kupita.

Sasa maagizo yangu ni haya. Mlango wa upande wa migomba, na choo chake kidogo huko huko. Ubao kwenye mlango wa ndani badala ya pazia, na komeo liwe kwa ndani, analifungua yeye. Kipimo cha mchana Pastory atakiweka kwenye kikombe chenye kifuniko asubuhi, na mzee ataweka saa yake ya mkononi mezani. Ameniahidi atakunywa. Nimeongea na waliomwandikia hospitalini, wamepitisha, na dawa ya kulainisha imeongezwa. Kuhusu ule uji, mzee amejua, na amemsamehe mwanawe. Amesema mtama wake ulikuwa mbaya lakini amewahi kunywa mbaya zaidi kwenye ngoma.

Agizo la mwisho ni lako. Imba. Ukiwa jikoni imba, ukienda kisimani nyamaza. Atajua.

Shangazi yako ambaye anajifunza uzeeni,
Mackrine

—

Nkwenda
14 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimelala nayo kifuani siku kadhaa kabla ya kujibu.

Kwanza nilikasirika. Mwezi mzima nimetembea bila viatu kwenye sakafu ya baridi ili mtu apumzike, kumbe nilikuwa namfungia ndani! Nikamkasirikia mzee: si angegonga mara moja aseme? Nikakukasirikia wewe na mkeka wako. Nikamkasirikia Pastory kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Alivumilia vizuri sana. Alisema, "Malizia, kisha unishikie tochi, nataka kupima ukuta." Nikampenda upya, nikashika tochi.

Mlango umetoka! Fundi Habumugisha alikuja na rafiki yake, wakagombana siku nzima kama ukuta utabeba uzito wa paa, wakala ndizi zangu zote mbivu, jioni mwanga ukaingia chumbani kwa mzee kutoka upande ambao haukuwahi kuingia. Pastory anasema baba yake alikaa kitandani akautazama tu, kisha akasema, "Kumbe mgomba ule umezaa." Umezaa tangu mwezi wa nne, Shangazi. Alikuwa hauoni.

Na dawa anakunywa. Pastory anaona chupa inashuka. Juzi alikoroma mchana kweupe. Nilisimama jikoni na kisu mkononi, machozi yananitoka, nimefurahi kwa sababu ya kukoroma kwa mzee wa watu. Sahani zinarudi tupu, moja ilirudi imelambwa.

Ila hilo la kuimba nisamehe, silifanyi. Mlango anao sasa, hanihitaji kumwonyesha njia. Na ile siku ya kwanza nilipoimba aligonga fimbo, ko ko ko, nililisikia kwa masikio yangu. Hata awe mwema vipi, sauti yangu ilimuudhi. Kisha baada ya yale ya jikoni, aliponishika mkono, nadhani ni afadhali asinisikie kabisa, asikumbuke. Viatu nimeanza kuvaa. Hiyo inatosha.

Pastory anakusalimu. Safari hii salamu ni ya kweli.

Adela wako

—

Nkwenda, Kyerwa
27 Julai 2025

Waitu Mackrine,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe mkwe na tabibu. Naandika kwa mkono wangu, niwie radhi kwa herufi zinazotetemeka. Si dawa, ni miaka.

Maumivu yapo, lakini sasa yamekaa pembeni kama mgeni anayejua adabu. Nalala. Najua ninakokwenda, na siendi leo. Asubuhi natoka kwa mlango wangu, nakaa chini ya migomba, narudi nikitaka. Jana jirani Projest alipita akasema, "Anatory, umejenga hoteli?" Nikamwambia ni dawa ya tabibu wa Nyakahanga. Akashika kichwa. Anadhani nimeingiwa na wazimu. Na umwambie Pastory, maana mimi nikimwambia anacheka, kwamba akitaka kunipa kitu aniambie jina lake kwanza.

Sasa nina malalamiko, nayaleta kwako kwa sababu siwezi kuyapeleka jikoni.

Nyumba iko kimya. Nasikia viatu vya mke wa mwanangu, hilo nashukuru. Lakini viatu tu. Siku alipofika aliimba wimbo tuliokuwa tukiimba kanisani nilipokuwa naongoza kwaya, mama yake Pastory akiwa sauti ya kwanza. Tangu mke wangu afe hakuna aliyeuimba humu ndani. Nilishika fimbo nikaanza kumpigia mapigo sakafuni, maana alikuwa anaukimbiza wimbo. Akanyamaza pale pale. Nikangoja aendelee. Nimengoja mpaka leo.

Yale ya jikoni nilipomshika mkono, kwa desturi ni aibu yangu, nami nimeibeba. Lakini mwambie kwamba nilipoogopa nilikwenda aliko. Nilikosea njia ya desturi, sikukosea mtu.

Mwambie aimbe. Mlango wa jiko auache wazi, wangu nitaufunga, hakuna atakayemwona mwenzake. Na kwenye ubeti wa pili aanze chini kidogo, anaanzia juu mno, ndiyo maana anaishiwa pumzi kabla ya kufika mwisho. Fimbo ninayo.

Wako katika heshima,
Anatory